Ganda la ndizi lina kosa gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wawili huku Mishomoroni, Mombasa. Kwa miaka mitatu sasa twaokota na kununua chupa za plastiki, twazisafisha na kuziuza kwa kilo. Mgeni mmoja alikuja kututembelea akatusifu kwamba twapunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Mwanangu aliye chuo akasema chupa si kitu sana, ubaya hasa uko kwenye maganda na makombo ya jikoni. Mimi sikumwelewa. Ganda la ndizi huoza likawa udongo, plastiki haiozi hata miaka mia. Itakuwaje kinachooza ndicho kiwe kibaya? Na kama ni kweli, tufanye nini, maana taka mbichi hakuna anayezinunua?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na salamu kwa wenzako wote kumi na mmoja. Mwanao yuko sawa, mgeni wenu naye yuko sawa, na wewe una haki ya kushangaa. Tofauti yenu yote iko kwenye hewa: je, taka ikioza inapata hewa au haipati?

Lichukue hilo ganda la ndizi. Liache chini ya mgomba, juu ya majani makavu. Vijidudu vitalila huku vikivuta oksijeni kama tunavyoivuta sisi, na vitakachotoa ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, pamoja na joto kidogo. Hewa ukaa hiyo si ngeni. Ni ile ile ambayo mgomba uliivuta miezi michache nyuma ulipokuwa ukizaa mkungu wake. Ilitoka angani, imerudi angani, na udongo umebaki na chakula chake. Ukisema ganda huoza likawa udongo, kwa ganda hili umesema kweli tupu.

Sasa lichukue tena ganda hilo, lichanganye na wali uliolala, machicha ya nazi, matumbo ya samaki na nepi za mtoto, lifungwe mfukoni, lipakiwe kwenye lori na kumwagwa jaani, kisha juu yake zimwagwe taka za malori mengine kumi. Ndani ya rundo hilo oksijeni haifiki. Vile vijidudu vya kwanza hufa, nafasi yao ikachukuliwa na jamii nyingine isiyohitaji hewa, na hao wakila ganda hutoa gesi nyingine iitwayo methani. Kilo moja ya methani hunasa joto kama mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100. Ukihesabu kwa miaka 20, ni zaidi ya mara 80. Ganda ni lile lile, mgomba ni ule ule, lakini kilichopanda angani sasa ni kitu kingine kabisa.

Methani haikai sana angani. Baada ya kama miaka 12 hivi sehemu yake kubwa huwa imevunjika, ilhali hewa ukaa hudumu kwa karne. Mimi hilo hunipa moyo kuliko jambo lolote katika kazi hii, kwa maana methani unayoizuia mwaka huu, nafuu yake huonekana wewe na wanao mkiwa hai.

Wazee wetu wa Pwani walijua habari ya kuoza pasipo hewa kabla hatujazijua maabara. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga wa ufuoni kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa kwa rungu, na ule usumba ukasokotwa kamba. Aliyewahi kusimama karibu wakati makumbi yanafukuliwa hasahau harufu yake. Sehemu laini zote zimeoza na kutoka, lakini nyuzi zimebaki ngumu vile vile, kwa sababu uzi wa mti hauvunjiki kirahisi pasipo oksijeni. Ile harufu ya yai viza ni ya salfa. Methani yenyewe haina harufu wala rangi, na ndiyo maana jaa huweza kuitoa miaka nenda miaka rudi bila mpita njia kujua.

Waliokuwa wakiingia kisiwa cha Mombasa kwa gari kupitia Makupa wanalikumbuka jaa la Kibarani, moshi na kunguru upande mmoja, maji ya bahari upande wa pili. Jaa lile lilifungwa, pakapandwa nyasi na miti, na taka zikaelekezwa kwenye jaa la Mwakirunge. Nilifurahi kama kila mkaaji wa Mombasa. Lakini kuhamisha jaa hakubadilishi kinachotokea ndani ya rundo. Ganda lililokuwa likitoa methani Kibarani litatoa methani Mwakirunge, na zaidi ya hapo limechomewa dizeli kulifikisha huko. Makombo ya jikoni kwa sehemu kubwa ni maji. Ukipima kilo kumi, saba au nane ni maji matupu. Kwa hiyo lori linalopanda na taka mbichi limebeba maji zaidi ya kitu kingine chochote.

Nasi tuna jambo letu la hapa hapa. Joto la Mombasa ni kama nyuzi 26 kwa wastani wa mwaka, na mvua yetu hupita kidogo milimita 1,000. Katika hali kama hii makombo huoza upesi mno. Kwa makadirio yanayotumiwa kimataifa, nusu yake huwa imekwisha kuoza kabla ya miaka miwili. Nchi za baridi huweza kufunika jaa, zikatandaza mabomba, kisha zikaivuna gesi kwa miaka mingi. Hapa kwetu, hata wakija na mabomba, gesi nyingi huwa imekwisha kupanda. Ndiyo maana nasema kwa Pwani dawa iko jikoni, kabla taka haijafika jaani.

Nikupe hesabu, maana najua kikundi chenu kimezoea mizani. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, limeweka njia ya kukadiria gesi za taka. Kwa njia hiyo, tani moja ya makombo ikitupwa kwenye jaa lenye kina cha mita 5 au zaidi hutoa kama kilo 40 za methani mpaka imalize kuoza. Zidisha kwa 28: ni sawa na kilo 1,120 za hewa ukaa. Jaa la kina kifupi, ambalo upepo hulipenya, hutoa nusu ya hapo. Tani hiyo hiyo ikigeuzwa mboji hutoa kama kilo 4 tu za methani, pamoja na chembe za gesi nyingine iitwayo nitrasi oksidi; ukijumlisha vyote ni sawa na kama kilo 180 za hewa ukaa. Yaani mboji nayo hutoa gesi, nisikufiche, lakini ni kama sehemu moja tu kati ya sita.

Sasa tuingie kwenye nyumba moja ya Kiswahili ya vyumba vinane, familia nane, kila moja ya watu watano. Watu 40. Tukadirie kila mtu hutoa nusu kilo ya taka kwa siku: kilo 20. Katika hizo, tuseme 12 ni mbichi, maana katika miji yetu taka za kuoza hupita nusu ya uzito wote. Kwa mwaka mzima ni kama tani 4.4. Zikienda kwenye jaa refu, ni sawa na tani 4.9 za hewa ukaa. Zikigeuzwa mboji hapo hapo uani, haifiki hata tani moja. Tofauti ni tani 4 na ushei. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo nyumba hiyo moja ni kama imezuia kuchomwa kwa lita zaidi ya 1,700 za petroli kila mwaka. Hesabu yangu ni ya kukadiria, na nyinyi mkipima ndoo zenu mtapata yenu.

Hapo ndipo penye ukweli wa mwanao. Lakini asiwadharaulie chupa zenu.

Plastiki hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Kaboni iliyomo ililala chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Plastiki ikikaa jaani kimya, kwa kweli haitoi methani, kwa kuwa haiozi. Balaa lake la hewani liko sehemu mbili. Kwanza, kutengeneza plastiki mpya kunakula nishati nyingi, na chupa ya plastiki iliyosagwa na kurudishwa kiwandani hupunguza zaidi ya nusu ya gesi zinazotoka kutengeneza mpya. Pili, kuichoma. Kilo moja ya chupa za maji ikichomwa hutoa hewa ukaa zaidi ya kilo 2; kilo moja ya mifuko au ya mitungi, zaidi ya kilo 3. Hii ni kaboni ngeni inayoingia angani kwa mara ya kwanza, haina mgomba wa kuipokea.

Kwa hiyo kilo kwa kilo, plastiki inayochomwa huzidi makombo. Lakini katika nyumba yetu ya Kiswahili, kwa siku kuna kama kilo 2 za plastiki na kilo 12 za makombo. Plastiki yote ikichomwa ni kilo 5 hivi za hewa ukaa. Makombo yote yakifukiwa ni kilo 13. Uzito ndio unaompa mwanao ushindi. Ukichungulia tu pipani huwezi kujua, kwa sababu chupa tupu hujaza gunia na makombo hutulia chini.

Ukiniuliza kilo ipi ina thamani kubwa kuliko zote kwa hewa, nitakujibu alumini. Kopo la soda, sufuria iliyotoboka, mabati ya alumini. Kuiyeyusha alumini kuukuu hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye mawe, na kilo moja mpya hugharimu anga zaidi ya kilo 10 za hewa ukaa. Mafundi wetu wa kufua sufuria wamekuwa wakiifanya kazi hiyo siku zote. Chuma nacho kina faida kubwa, na chupa za glasi kiasi. Kikundi chenu kikipata kopo, msilipite.

Kartoni na karatasi ni suala la pekee ambalo watu hulisahau. Karatasi ni mti. Ikifukiwa jaani ikiwa imelowa, nayo hutoa methani, tena kwa kilo huizidi makombo kwa sababu haina maji mengi. Kartoni kavu iuzwe. Kartoni iliyolowa mchuzi, mnunuzi haitaki, na hiyo ichaneni iende kwenye mboji.

Hili la mchuzi ndilo linaloniumiza. Siku moja nilikaa na kijana mmoja anayeokota taka, tukalifungua gunia lake aliloliokota njia nzima. Chupa ya maji nzuri kabisa, safi nje, lakini ndani mna kijiti cha mshikaki na mchuzi wa mbaazi ulioganda. Kartoni ya mayai imelowa maji ya nyanya zilizooza, ikikamatwa yachanika. Alitenga vitu vizuri upande mmoja na vilivyoharibika upande wa pili, na lile rundo la pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Vitu vile vilikuwa na bei asubuhi, kabla havijatiwa pipa moja na ugali. Taka mbichi hudhuru mara mbili: yenyewe hutoa methani, na huziharibu kavu zilizokuwa ziuzwe. Kwa hiyo ukiniuliza mfanye nini kwanza, jibu langu ni ndoo mbili kila mlango. Moja mbichi, moja kavu. Msianze na ndoo tano za rangi tano kama zile za picha. Watu huchoka.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitengwe kuanzia zinakotoka, zinazooza mbali na zisizooza. Lakini najua ilivyo mitaani: mama ametenga vizuri, halafu mkokoteni umekuja ukachanganya vyote mbele ya macho yake. Baada ya mara mbili haitengi tena. Kwa hiyo msigawe ndoo kabla hamjapanga nani atakayeichukua ile mbichi, siku gani, na itakwenda wapi. Kwa joto letu isikae zaidi ya siku mbili. Ndoo iwe na mfuniko, na chini pawekwe maranda ya mbao au majani makavu ili yanyonye maji; hapo harufu itapungua sana na funza hawatawahi.

Sasa mboji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi inapoharibika.

Mwaka mmoja wakati wa masika niliitwa upande wa Likoni kuangalia biwi la mboji nyuma ya shule. Walilijenga kwa bidii, maganda yote ya jikoni ya mwezi mzima, na walipoona mvua wakafurahi kwamba litalainika. Nilipofika lilikuwa jeusi, linateleza, na harufu yake ilikuwa imewafukuza watoto kwenye madarasa ya upande huo. Tulichimba katikati tukakuta tope tupu, baridi, lenye mapovu madogo. Biwi lile lilikuwa jaa dogo, linafanya kazi ile ile ya jaa. Tuliliondoa lote, tukaleta magunia ya maranda kutoka kwa seremala wa jirani na majani makavu ya mwembe, tukachanganya kwa koleo, tukalijenga upya juu ya vijiti vilivyopishana ili hewa iingie kwa chini, tukalifunika turubai. Siku ya nne nikaingiza nondo katikati, nikasubiri kama dakika kumi, nikaivuta. Sikuweza kuishika kwa mkono mtupu. Harufu nayo ilikuwa imebadilika, ya msitu baada ya mvua.

Taka ni zile zile, vilivyoongezeka ni maranda na hewa tu.

Kipimo chake ni rahisi: ndoo moja ya mbichi kwa ndoo mbili za kavu. Kavu kwetu hazikosekani. Majani ya mwembe na ya mti wa mkungu, maranda ya mbao isiyopakwa rangi wala dawa, makuti makuukuu yaliyokatwakatwa, kartoni iliyochanwa. Majani ya mvinje pia yafaa, ila ni mazito kuoza, na kuna kisa chake nitakueleza. Makumbi na maganda ya madafu ni magumu mno yakiwa mazima. Yakatwe vipande vidogo, au yawekwe chini kabisa kama kitanda cha kupitishia hewa, na ukimaliza biwi moja uyatumie tena kwa lingine. Vifuu vitengwe, vina watu wake wa makaa.

Unyevu upime kwa kiganja. Chukua konzi kutoka katikati, ikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Maji yakichuruzika, ongeza kavu na upindue. Ikiwa haishikani kabisa, nyunyiza maji. Hapo nina onyo la Mombasa: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na makombo ya chakula yana chumvi pia. Chumvi hukusanyika kwenye mboji na miche huungua. Tumieni maji ya mvua, na wali au mchuzi usiwe sehemu kubwa ya biwi.

Lipindue mara moja kwa wiki, ya nje iingie ndani. Biwi zima, la kimo cha mtu kifuani, hufika nyuzi 55 na kupanda, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi. Biwi dogo la goti halishiki joto, basi bora familia nane ziwe na moja kubwa kuliko kila moja kuwa na lake. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa jeusi, lavunjikavunjika, na ganda la ndizi hulitambui tena. Juu yake muweke wavu wa nyaya, maana kunguru wetu hawa wa Kihindi wakigundua mahali hawasahau. Matumbo ya samaki na mifupa msitie biwini, yataleta panya.

Hicho kisa cha mvinje ni cha Bamburi. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe hadi pakabaki jangwa la matumbawe, na mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti hapo. Mivinje ilishika, lakini majani yake yalianguka na kulala bila kuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Akaleta majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikavunjwa na vijidudu, na udongo ukaanza kujengeka mahali palipokuwa na mwamba mtupu. Leo pale ni msitu na watu hulipa kiingilio. Kila ninapopita huwaza kwamba mji huu una ushahidi wa wazi wa kile taka inayooza kwa hewa inaweza kufanya, tena umbali wa safari moja ya matatu kutoka Mishomoroni.

Uliniambia hakuna anayezinunua taka mbichi. Ni kweli, lakini mboji hununuliwa. Vitalu vya miche na maua vya kando ya barabara hutumia udongo mwingi, na mchanga wetu wa Pwani haushiki maji. Mboji huufanya ushike. Anzeni na kitalu kimoja, mpelekeeni mwenye kitalu debe moja la bure, atarudi mwenyewe. Pia nyumba nyingi tayari hulipa vijana kila mwezi kuwachukulia taka. Mkikubaliana na vijana hao wawaletee mbichi peke yake, wao wanapunguza mzigo wa kupeleka mbali, nanyi mnapata malighafi. Msigombanie nao kazi.

Kwa yale matumbo ya samaki, na kwa taka nyingi za soko kama Kongowea, iko njia nyingine: mabuu ya nzi mweusi aitwaye nzi askari. Usiogope jina la nzi. Huyu si yule wa chooni. Akiwa mkubwa hatafuti chakula chetu wala hatui kwenye sahani, hutaga mayai yake na kufa baada ya siku chache. Mabuu yake hula taka kwa muda wa wiki mbili hivi, na yakishiba hugeuka rangi na kupanda yenyewe kutafuta mahali pakavu, unayakinga kwa ndoo. Kuku huyapenda sana. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi kimeyafanyia kazi kama chakula cha mifugo, na joto letu la Pwani lawafaa bila kuwasha hita. Lakini yataka uangalizi wa kila siku. Nawashauri mfike huko baada ya mboji kuwashika mkono.

Gesi ya kupikia kutokana na makombo, yaani bayogasi, nayo ni njia nzuri kwa hoteli, shule au mwenye ng'ombe. Pale methani hutengenezwa kwa makusudi, kisha huchomwa jikoni ikawa hewa ukaa na maji. Sharti ni moja: mtambo usivuje. Mtambo unaovuja ni kiwanda cha methani, na afadhali usingejengwa. Kwa nyumba ya kupanga yenye wapangaji wa kuja na kwenda, siupendekezi.

Na kuchoma taka jioni, tafadhali, zungumzeni na majirani. Mbali na hewa ukaa ya plastiki, moshi ule hubeba masizi na sumu ambazo watoto wenu huzivuta kitandani. Najua watu huchoma kwa kukosa pa kutupa. Mtu akiondolewa ndoo yake mbichi kila baada ya siku mbili, kinachobaki ni kikavu, kidogo, hakinuki, na kwa sehemu kubwa kina mnunuzi. Haja ya kiberiti hupungua yenyewe.

Kabla ya hayo yote kuna sufuria. Kiporo kinacholiwa asubuhi hakihitaji biwi. Wakati wa arusi na mwezi wa Ramadhani chakula kingi humwagwa, na kila sinia la pilau linalomwagwa limekwisha kugharimu mchele, nyama, mafuta na kuni. Hilo ni lenu akina mama kuliko langu, mnajua majirani gani wa kupelekewa.

Mtu akija kuwaambia kuna fedha za kuuza kaboni, mlipe kwanza ada ya kujiandikisha, msitoe hata senti. Kupima na kuthibitisha mradi wa namna hiyo ni gharama kubwa kuliko mapato ya kikundi cha watu kumi na wawili. Daftari la kilo ndilo mali yenu kwa sasa. Andikeni kila siku: kilo za mbichi zilizoingia, kilo za kavu zilizouzwa, tarehe. Mwanao awasaidie kupiga hesabu niliyoonyesha hapo juu, naye aje na namba za mtaa wake badala ya zangu.

Anzeni na nyumba moja, ile yenye mama anayesikilizwa na uani penye kivuli. Wiki mbili za kwanza msijenge biwi, pimeni ndoo tu na kukusanya kavu, kwa maana biwi hukwama kwa kukosa kavu kuliko kwa kukosa makombo. Zungumzeni na seremala mapema awawekee maranda kwenye magunia. Vuli ikikaribia, turubai liwe limekwisha kununuliwa.